Kitumbua Kilivyofika Bagira Bila Nazi

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya mahari, juu ya ngoma na juu ya majina ya watoto. Sisi tumechagua jiko. Tulipotangaza kwamba tutaandika juu ya bitumbura, watu walicheka, na mzee mmoja akatuuliza waziwazi: «Ile njo mila? Mila ya Bashi iko ndizi, iko bugali, iko kasiksi. Bitumbura ni kitu ya kuuzisha ku barabara.» Swali lake ni zuri na tutalijibu, ila si mara moja, kwani jibu lenyewe linatoka mbali, huko baharini, na lazima tulifuate mpaka lifike hapa.

Tuanze na kile ambacho kila mwana wa Bagira anakijua. Alfajiri, kabla watoto hawajavaa yunifomu, mama ameshawasha mbabula mbele ya nyumba. Makala yakishika, anaweka sufuria ya mafuta, anachota unga uliovimba usiku kucha, anaukamua kati ya kidole gumba na cha shahada, na donge linaanguka ndani ya mafuta, linazama, linarudi juu, linageuka lenyewe. Unga ni wa ngano, na ndani yake kuna sukari, chumvi kidogo, levire na maji. Wengine huponda ndizi mbivu na kuitia. Bitumbura vya moto huliwa pamoja na uji au chai, na ukikosa vyote viwili, unakula hivyo hivyo ukiwa njiani. Ni watoto wangapi wa Bagira waliolipiwa minervali kwa bitumbura! Njo maana hatupendi kusikia mtu anavidharau.

Sasa, msomaji akienda pwani, Unguja, Tanga ama Mombasa, na kuomba kitumbua, ataletewa kitu kingine kabisa. Kitumbua cha pwani hakina ngano hata punje. Ni mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa pamoja na tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Kisha unamiminwa kwenye chuma chenye vishimo vya mviringo, na ndani ya kila kishimo kuna tone la mafuta tu. Kinatoka kimeiva rangi ya kahawia pembeni, cheupe na laini ndani, kimejaa vitundu kama sega la asali. Hakizami ndani ya mafuta. Ukikiuma, kitu cha kwanza unachosikia ni nazi.

Basi tuna vitu viwili tofauti, na jina moja. Sisi tunasema ni jina moja kwa sababu hii: Kiswahili cha pwani kimezoea kuangusha ile «l» iliyokuwa kati ya sauti mbili, huku ndugu zake wakiishika. Pwani wanasema kufungua. Kwa Lingala ni kofungola. Kwa Kinyarwanda ni gufungura. Vivyo hivyo kitumbua cha pwani, kikiingia katika vinywa vya watu wa Maziwa Makuu, kinakuwa kitumbula ama kitumbura, na Rwanda na Burundi wanasema ibitumbura. Kisha Kiswahili chetu cha Bukavu kinapenda «bi» mahali pa «vi»: bintu, bitabu, bitumbura. Kwa hiyo tunavyoona sisi, jina lilikuja na mtu aliyekijua kitumbua cha mchele na nazi. Sasa swali ni hili: nazi ilibaki wapi?

Nazi na mchele, wageni wawili wa zamani

Hata pwani yenyewe nazi si mwenyeji wa tangu mwanzo. Mnazi ulipandwa na watu sehemu mbili za dunia, upande wa Bahari ya Hindi na upande wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na uchunguzi wa mbegu uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya Bukini (ndiyo Madagaska) na ya Komoro imechanganya damu za pande zote mbili. Maana yake mabaharia wa kutoka visiwa vile vya mbali, jamaa za watu wa Indonesia na Ufilipino wa leo, walifika huku na nazi ndani ya vyombo vyao. Mchele nao ni wa Asia. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale walieleza punje za zamani za mchele wa Asia walizozipata Bukini na Komoro. Na Ibn Battuta, alipopita Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli.

Kule Ufilipino kuna keki yao inayoitwa bibingka. Msomaji asikilize namna inavyopikwa, atashangaa. Mchele unalowekwa, unasagwa, unachanganywa na tui la nazi na sukari, unamiminwa ndani ya chombo cha udongo kilichotandikwa jani la mgomba, kisha makaa ya moto yanawekwa chini, na mengine juu ya kifuniko. Inauzwa alfajiri karibu na makanisa, hasa wakati wa misa tisa za kabla ya Noeli, kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba. Watu wanatoka misa ya alfajiri na njaa yao, mama yuko pale na moto wake. Si kama hapa kwetu? Na huko Zanzibar, mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa mchele, ni unga ule ule wa kitumbua uliomiminwa kwenye sufuria na kupikwa kwa moto wa juu na wa chini. Hatusemi kwamba mmoja alimfundisha mwingine. Tunasema bahari ile ile iliwapa wote nazi na mchele, na mtu mwenye nazi, mchele na makaa hatakosa kuifikia njia hiyo.

Mwandishi Antonio Pigafetta, aliyefika Ufilipino na Magellan mwaka 1521, aliandika namna watu wa kule walivyokuna nazi na kuikamua kwa kitambaa, wakapata maziwa ambayo yeye aliyafananisha na maziwa ya mbuzi. Na pwani yetu kibao cha kukunia nazi kinaitwa mbuzi! Imetokea tu, lakini inafurahisha. Ukimwambia mtoto wa Bagira «lete mbuzi tukune nazi,» atakwenda kutafuta kamba.

Njia ya misafara

Nazi ilifika pwani na ikakaa pwani. Mnazi unataka joto la mwaka mzima, na ukipelekwa kwenye milima ya baridi hauzai. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, na Bagira iko juu zaidi. Basi aliyetaka nazi huku bara ilimbidi aibebe.

Tuangalie kama ingewezekana. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Miezi minane, pamoja na magonjwa na masiku ya kungoja. Misafara ya wafanyabiashara ilitembea kwa kasi zaidi, lakini hata hiyo ilikuwa miezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Ni nazi ngapi hizo? Hamsini, sitini kama zimefuliwa vizuri. Hakuna tajiri ambaye angempa mtu mzigo wa nazi mahali pa nguo, shanga, waya wa shaba na baruti, vitu ambavyo vilinunua pembe. Halafu walipofika Ujiji walikuta mafuta mengine: Burton aliandika juu ya michikichi ya pale na biashara ya mawese. Tangu hapo kuelekea magharibi mpishi alikuwa na mawese na karanga, na hakuwa na nazi tena. Msomaji ajaribu mwenyewe kuilinganisha mboga. Kisamvu cha pwani kinapikwa na nazi. Kisamvu hicho hicho kwetu kinaitwa sombe, na kinapikwa na mawese na karanga. Majani ni yale yale ya muhogo.

Mchele ulikuwa na bahati nyingine. Mbegu ni nyepesi, haziozi, gunia moja linatosha kupanda shamba. Watu wa pwani waliofika Maniema, Nyangwe na Kasongo, walipanda mpunga, na ardhi ya kule ikaupenda. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alikuwa na makao yake Kasongo. Na daktari Mwingereza Hinde, aliyeingia Kasongo mwaka 1893 na jeshi la Leopold, aliandika juu ya mashamba makubwa na bustani za matunda alizozikuta. Mpaka leo Maniema ni nchi ya mpunga, na mtu wa kule akikaa siku mbili bila wali anasema hajala.

Hapa hatutaki kupamba mambo. Njia iliyoleta mchele ndiyo njia iliyochukua watu. Misafara ile ilirudi pwani na pembe na watumwa, na kuna vijiji vya Maniema na vya Urega ambavyo havikubaki hata na jivu. Nani alikuwa anapika katika nyumba kubwa za Kasongo? Si mabwana. Walikuwa wanawake, na wengi wao walikuwa wamekamatwa ama kununuliwa, wakafundishwa chakula cha bwana na lugha ya bwana. Wao ndio waliokijua kitumbua kwa mikono. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilipovunja utawala wa Waarabu na Waswahili huko, mabwana wengine walikufa na wengine walikimbia. Wapishi wakabaki, na watoto wao. Kama kuna mtu wa kushukuriwa kwa bitumbura, sisi tunamtaja yule mwanamke ambaye hakuna kitabu kilichoandika jina lake.

Mama mmoja wa hapa Bagira, ambaye wazazi wake ni wa Kasongo, alitueleza hivi: «Bibi alikuwa anapondaka muchele mu kinu, anaiacha ivimbe, anapika na mawese kidogo mu sufuria ya chini. Alikuwa anaita kitumbula. Nazi? Hapana. Mi sikuonaka nazi paka hapa Bukavu.» Tunaona maneno yake yana uzito kuliko kurasa nyingi. Nazi ilishaondoka, mchele ulikuwa bado upo.

Kutoka muchele mpaka ngano

Bukavu ilikuwa inaitwa Costermansville mpaka mwaka 1954. Miaka ile ya 1950 serikali ya Wabelgiji ilijenga cité ya Bagira kwa ajili ya wafanyakazi Weusi, nyumba zilizopangwa mistari, na humo wakachanganyika Bashi, Barega, Bafuliiru, watu wa Maniema na wengine, wote kwenye bomba moja la maji. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na pamoja na Kiswahili wakaazimana mapishi.

Lakini mke wa mfanyakazi wa Bagira hakuwa na shamba la mpunga. Muchele ulikuwa wa kununua, wa sikukuu. Tena hakuwa na kile chuma chenye vishimo. Hapo tunaomba msomaji afikiri kama mpishi. Unga wa mchele ni mwepesi kama uji. Bila chuma cha kuushika utatawanyika ndani ya mafuta. Ili donge lishikamane lenyewe linapoanguka kutoka mkononi, unahitaji unga unaovutika, nao ni wa ngano, uliokuwa unauzwa dukani. Kwa hiyo ngano haikuingia kwa sababu watu walisahau. Iliingia kwa sababu ilikuwa inafanya kazi ya chuma kilichokosekana. Kwanza nazi ilipotea kwa ajili ya njia, kisha chuma, kisha mchele. Kilichobaki ni levire, sukari, mviringo, na jina.

Sasa turudi kwa mzee wetu, aliyesema mila ni ndizi na bugali. Tunamheshimu. Ila ndizi nayo asili yake ni Asia, ilivuka bahari ile ile kama nazi, ikafika Bushi zamani sana, mpaka hakuna anayefikiri kwamba ilikuwa mgeni. Bugali tunasonga na unga wa muhogo na wa mahindi, na vyote viwili vilitoka Amerika baada ya safari za Wareno. Hata sambaza, baba! Hawakuwa ndani ya ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kuna wazee wa Bagira waliozaliwa kabla ya sambaza. Mtu akituambia bitumbura si mila kwa sababu vimetoka mbali, itabidi aondoe karibu sahani nzima mezani.

Kuirudisha nazi nyumbani

Tulipofika hapo, bamama wa chama walisema kuandika peke yake hakutoshi, tujaribu. Chuma cha vitumbua hatuna, kwa hiyo tulichagua mkate wa kumimina, ambao unahitaji sufuria tu.

Nazi zinapatikana Kadutu, si kila siku. Nyingi zinatoka upande wa Tanzania, na tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 barabara ya Uvira imekuwa ya mashaka, basi ukiiona nazi inunue na usibishane sana. Itikise sikioni: isiposikika maji ndani, iache. Moja kubwa inatosha vikombe viwili vya muchele. Muchele uwe mbichi wa kawaida. Wa bonde la Ruzizi unafaa sana. Ule uliochemshwa kiwandani kabla ya kukaushwa tuliuacha. Uchague mawe, uuoshe, uuloweke jioni mpaka asubuhi.

Asubuhi pasua nazi kwa mgongo wa panga, uikune. Sisi tulitumia kopo lililotobolewa kwa msumari, kama lile la kukunia muhogo. Mwagia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, finyanga kwa mkono, kamua ndani ya kitambaa safi. Hilo ni tui la kwanza, zito. Rudia na nusu kikombe cha maji upate la pili, uliweke pembeni. Chuja muchele, uponde ndani ya kinu ukiongeza tui zito kidogo kidogo, mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie mchanga. Kama umeme upo na una mashine ya kusagia, utamaliza kwa dakika tano. Kinu kinataka karibu saa nzima na watu wawili wa kupokezana. Ukiwa mzito kuliko uji wa mtoto, ongeza tui la pili.

Tia levire kijiko kidogo kimoja, chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili, na punje sita za iliki zilizopondwa. Sukari isiingie sasa. Funika. Pwani unga huu unaumuka kwa saa moja. Bagira na baridi yake ulituchukua zaidi ya saa mbili, na tuliuweka karibu na mbabula. Ukishajaa mapovu, ndipo utie sukari robo tatu ya kikombe, ukoroge polepole. Utalegea kidogo, usiogope.

Sufuria iwe nzito. Ipake mafuta, iache ishike moto kweli, kisha mimina unga, kimo cha vidole viwili, si zaidi. Funika na upunguze makala. Baada ya dakika kumi utaona vitundu vimefunguka juu. Hapo hamisha makala mengi uyaweke juu ya kifuniko, chini yabaki machache, uache dakika ishirini. Choma kwa kisu: kikitoka kikavu, umeiva. Uache upoe ndipo uutoe, la sivyo utavunjika. Wengine wetu walijaribu pia namna ya Ufilipino, wakapitisha jani la mgomba juu ya moto ili lilainike, wakatandika sufuria. Haukugandama kabisa na ulinukia vizuri, ila ile ngozi ya kahawia ya chini haikutokea, na watoto walikuwa wanaitaka ile.

Mtu akikosa nazi asidanganyike na karanga. Kwenye sombe ni sawa, hapa zinauharibu. Maziwa ya unga yanatoa kitu kizuri, lakini ni keki.

Machicha ya nazi yaliyobaki kwenye kitambaa usiyatupe. Mama yule wa Kasongo aliyachukua yetu, akayachanganya usiku na unga wake wa ngano, na asubuhi akayakaanga kama kawaida yake. Bitumbura vile viliisha kabla ya saa moja na nusu.